Mwalimu, Kichujio Chenu Hakizuii

Vijana wa ofisini mmeniomba niwaachie kitu kilichoandikwa kabla sijasahau, tena mmeniomba kwa upole hadi nikashuku kuna kazi mnayotaka kunitwika baada ya kustaafu. Haya, nimekubali. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nani alinyimwa nini. Mambo hayo yalinichosha yakiwa mapya, sembuse sasa. Nitawaeleza habari za sura moja ya mwongozo wetu, ile ambayo kwenye faili za zamani inaitwa "Orodha ya Kuzuia". Niliiandika, nikaipunguza, nikaitetea, nikaionea haya, na mwishowe nikaibadilisha jina. Haifiki kurasa tano. Imenitia mvi kuliko watoto wangu wote wanne.

Nilifika Doha nikimfuata mke wangu, aliyekuwa amepata kazi ya uuguzi. Nyuma yangu nilikuwa nimeacha miaka mingi ya kufundisha Kiswahili katika shule ya upili huko Bungoma, na sikujua mtu wa aina yangu angefanya nini katika mji huu. Kampuni yetu wakati huo ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la mapazia, ikitengeneza kichujio cha barua pepe: programu inayokaa mlangoni mwa seva ya mteja, ikipokea kila barua inayoingia na kuamua hii ipite, hii ni taka. Walitaka mtu wa kuandika maelezo ya matumizi kwa Kiingereza. Mhandisi mkuu, Ramzi, Mjordani aliyeandika programu yenyewe kwa mikono yake, alinisaili kwa dakika sita. "Unajua sarufi?" aliniuliza. Nikamjibu najua. "Khalas, yatosha," akasema. "Yaliyobaki kila mtu anayajua."

Hilo la kila mtu anajua mliweke akilini, kwa sababu nimepigana nalo mpaka siku ya mwisho.

Nilipewa meza iliyopakana na mashine ya fotokopi, na kiti kilichokosa gurudumu moja ambacho kingebadilishwa inshallah. Nimestaafu kikiwa vilevile. Nilichobahatika kupata ni mwalimu. Aliitwa Leela, mama wa makamo kutoka Kerala, mwenye miwani mizito na penseli nyekundu ambayo hakumwazima mtu. Kando yake palikuwa na kompyuta kuukuu ya majaribio aliyoiita mgonjwa. Siku ya kwanza nilimpelekea ukurasa niliouandika vizuri sana, wenye vituo na mikato yote mahali pake. Akausoma, akauliza, "Hatua ya tatu, umeifanya mwenyewe?" Nikasema nimeambiwa na Ramzi. Akanirudishia ukurasa bila kutia hata alama moja ya penseli, akaniketisha mbele ya mgonjwa. Hatua ya tatu haikuwapo. Kitufe kilikuwa kimehamishwa tangu mwaka uliopita na Ramzi hakukumbuka.

Kanuni ya pili ya Leela ilikuwa fupi: andika kinachopotea. Kila ukurasa umwambie msomaji, akikosea hapa, atapoteza nini. "Watu hawasomi mwongozo wakiwa na raha," aliniambia. "Anayeufungua tayari ana shida. Usimwongezee nyingine kimyakimya."

Sasa niwaeleze orodha yenyewe kwa wale wageni kazini. Kichujio kina orodha mbili za mteja. Moja ni ya watumaji wanaoruhusiwa kupita bila kukaguliwa. Ya pili ni ya watumaji wanaozuiwa moja kwa moja, hata kama barua yao ni salamu za Idi. Juu ya hizo, mteja anaweza kuunganisha orodha za hadharani, zinazotunzwa na watu wa nje, zinazotaja seva zinazojulikana kwa kutapika taka. Kichujio kinauliza, "Huyu yumo?" Orodha inajibu yumo au hayumo. Ni jambo rahisi kabisa, na sijawahi kuona jambo rahisi likiharibiwa kwa ustadi kama hilo.

Hoteli moja kule The Pearl ilikuwa ikipokea taka zilizojifanya zinatoka kwa hoteli yenyewe. Msimamizi wao wa kompyuta akatatua: aliiweka anwani ya hoteli yake mwenyewe kwenye orodha ya kuzuia. Kwa siku nzima wafanyakazi wakawa wanaandikiana na hakuna anayepata kitu. Meneja alitupigia simu akitaka kujua kama tunaweza kumsaidia kubaini ni nani anayechochea wafanyakazi wamgomee. Mkandarasi mmoja wa Al Rayyan alichoshwa na muuza vigae mmoja msumbufu, akazuia huduma nzima ya barua ambayo nusu ya dunia inaitumia, kisha akalalamika kwamba biashara imekuwa mbaya.

Halafu kulikuwa na ile orodha ya hadharani iliyokufa. Wenyewe walikuwa wamechoka kuitunza, wakatangaza kwamba wanaifunga, na hakuna aliyesoma tangazo. Seva duniani kote ziliendelea kuiuliza. Basi wenyewe, kwa hasira ambayo leo naielewa vizuri sana, wakaipanga ijibu "yumo" kwa kila swali. Asubuhi hiyo wateja wetu hawakupata barua hata moja kutoka kwa kiumbe yeyote. Mwongozo wetu ulikuwa ukiipendekeza kwenye ukurasa wa pili. Leela alikuwa ameandika pembeni kwa penseli nyekundu, miezi minane kabla: "Nani anahakikisha kwamba hii bado iko hai?" Ramzi alikuwa amejibu chini yake kwamba kila mtu anajua.

Leela alistaafu, akarudi Kerala, akaniachia mgonjwa na penseli. Mwaka uliofuata wakubwa wakaamua tutoe toleo la Kiswahili, kwa sababu tulianza kupata wateja Afrika Mashariki, na hata hapa Doha wasimamizi wa kompyuta wengi katika kliniki na hoteli walikuwa Wakenya. Mnaweza kukisia nilivyofurahi. Nilikuwa nimesubiri miaka yote hiyo kuandika kwa lugha niliyoifundisha. Nilitafsiri kila kitufe, kila onyo, kila ukurasa, na nikawa mkali kupita nilivyokuwa darasani. Kijana mmoja aliponiambia "blokisha" ndilo neno linalosemwa na watu, nilimwambia watu wanasema mengi. Nikaandika Zuia. Kitenzi safi, cha kamusi, kila mtu anakijua. Naam, nami nilisema hivyo.

Chini ya kichwa cha ukurasa huo kwenye skrini niliandika sentensi mbili. Ya kwanza: "Weka hapa anwani za watumaji ambao unataka barua zao zizuiwe." Ya pili ilikuwa ya Leela: "Barua iliyozuiwa haitafika, haitarudi kwa aliyeituma, na hakuna atakayeambiwa." Maana kichujio chetu huimeza barua hiyo na kunyamaza. Hubaki mstari mmoja tu kwenye kumbukumbu za mashine, pale ambapo mteja haangalii.

Ramzi akaja na picha ya skrini mkononi. Maelezo yalitakiwa yatoshe mistari miwili na Kiswahili changu kilikuwa kimefika mistari minne. "Habibi, lugha yenu ni ndefu," akasema. Tulibishana kutwa. Jua lilipotua nilikuwa nimechoka, na nataka mjue kwamba si Ramzi aliyechagua cha kukata. Alisema tu nikate. Mimi mwenyewe niliifuta sentensi ya pili, nikijiambia kwamba anayejua maana ya kuzuia anayajua hayo yote.

Ikapita kama nusu mwaka, nikapata simu kutoka kliniki moja ya Al Thumama. Msimamizi wao wa kompyuta alikuwa Bi Mwanakombo, mzaliwa wa Mombasa, mama mpole mwenye Kiswahili kitamu ambaye ndiye mteja wa kwanza hapa mjini kuibadilisha skrini yake yote iwe ya Kiswahili. Nilikuwa nikimsifu kwa watu.

"Mwalimu, kichujio chenu hakizuii," akasema.

"Pole sana, Bi Mwanakombo. Kimepitisha barua gani?"

"Hakijapitisha yoyote."

"Huyo mtumaji uliyemweka kwenye orodha, barua zake hazijapita?"

"Hata moja."

"Basi kinazuia."

"Kingekuwa chazuia, si ningeziona?"

"Ukiziona ndipo itakuwa hakizuii!"

"Mwalimu, wallahi, hebu jisikize usemavyo."

Nilijisikiza, nikajiona niko sawa. Nikafungua kumbukumbu za mashine yao kutoka kwangu, nikaona mtumaji yumo kwenye orodha na barua zake zimezuiwa kama ilivyotakiwa. Nikaandika kwenye faili ya malalamiko: "Mfumo unafanya kazi ipasavyo. Mteja ashauriwe kusoma mwongozo." Wiki iliyofuata akapiga tena. Tukasema maneno yaleyale, kwa sauti ya juu zaidi, nami nikafunga lalamiko lake kwa maneno yaleyale. Ofisini nilikuwa nimeshaanza kumwigiza, na watu walikuwa wakicheka. Katika simu hizo mbili sikuuliza barua ilikuwa ya nini wala ya nani. Leela angeuliza hilo kabla ya kuuliza jina.

Mara ya tatu alipiga siku ya Jumanne, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwalimu," akasema, "Alhamisi huyu mtoto wa watu aondoshwa kazini. Njoo uone kwa macho yako, tafadhali."

Mtoto wa watu alikuwa muuguzi aliyeitwa Nekesa, msichana wa kwetu kabisa, wa upande wa Webuye. Leseni yake ilikuwa inaisha Alhamisi. Ili iongezwe, chuo alichosomea nyumbani kilitakiwa kithibitishe masomo yake kwa barua pepe, moja kwa moja kwa anwani ya kliniki, bila kupitia mikononi mwake. Barua haikuwa imefika. Kliniki haiwezi kumweka wodini muuguzi asiye na leseni hata kwa siku moja, na asiye na kazi hana ukaazi. Mke wangu amepitia safari hiyo ya leseni mara kadhaa, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilichukua gari nikaenda.

Bi Mwanakombo alinipokea mlangoni akiwa na gilasi ya karak, chai ya maziwa ya huku, iliyojaa pomoni, akaniongoza hadi kwenye kijichumba chake. Kiti kilikuwa kimoja, meza imejaa nyaya. Alihitaji mikono miwili kuvuta kibodi kutoka chini ya makaratasi. Akaninyooshea ile chai.

"Hebu nizuilie chai hii, Mwalimu."

Nikaipokea. Nikasimama nayo. Ilikuwa ya moto, inaniunguza vidole, na sikuiweka chini, maana nilikuwa bado nalisikiliza lile neno.

"Bi Mwanakombo," nikamwambia, "umesema nifanyeje?"

"Unizuilie. Uishike, isimwagike."

"Na chuo cha Nekesa ulikiweka wapi?"

"Kwenye orodha ya kuzuia, tangu siku aliponiambia. Alinambia, 'Sister, barua yangu ikikam usiache ipotee kwa hizo takataka.' Nikatizama, nikaona pameandikwa weka hapa wale utakao barua zao zizuiwe. Nikasema alhamdulillahi, kumbe wamefikiria."

"Lakini kuna orodha ya kuruhusu pale juu yake."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni wa lugha. "Kuruhusu ni kumwachia mtu apite ende zake. Mimi sikutaka ipite, Mwalimu. Nilitaka ishikwe."

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia. Kiswahili mimi nimekisoma kwa chaki na kamusi. Yeye amezaliwa nacho. Kwao ukimpa mtu mtoto akubebee unamwambia akuzuilie, na neno hilo ni zuri na la haki, limekuwapo pwani kabla ya shule yangu kujengwa. Sentensi yangu ilisomeka sawasawa kwake. Ile ya pili, iliyosema kwamba barua haitafika, ingemshtua palepale. Nilikuwa nimeifuta ili skrini ipendeze.

Kwenye kumbukumbu za mashine mistari ilikuwa mitatu. Chuo kilikuwa kimeandika mara tatu katika majuma matano, na mbele ya kila tarehe palikuwa na neno langu: imezuiwa. Barua zenyewe zilikuwa zimeshafutwa. Tulilitoa jina la chuo kwenye orodha, tukapiga simu huko. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo. Msajili, ambaye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutuma uthibitisho, alikuwa amesafiri na simu yake haipatikani.

Nekesa aliitwa kutoka wodini. Alikuja akifuta mikono, akatazama uso wangu, kisha wa Bi Mwanakombo aliyekuwa analia waziwazi. Nilimweleza mimi, kwa sababu ulikuwa wajibu wangu kumweleza. Nilimwambia chuo kilituma, mashine yetu ikaimeza, na aliyeandika maelezo yaliyosababisha hivyo ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka hata kutukanwa.

"Kwa hivyo chuo ilituma," akasema.

"Mara tatu."

Akaketi kwenye kile kiti kimoja. "Brathe yangu aliniambia. Aliomba ruhusa kazini, akaenda huko chuo mara mbili. Akaniambia amesimama nyuma ya msajili akaona kwa macho yake ikitumwa. Mimi nikamwambia wacha uongo, wewe hata hukutoka nyumbani. Nilimwambia vitu mbaya sana, Mwalimu. Nimemblock kwa simu. Ni wiki tatu sijaongea na yeye."

Baadaye akaniuliza, "Hiyo list iko kwa kompyuta, unaweza kuniprintia?"

Nikaichapisha. Mistari mitatu, tarehe tatu, katikati ya karatasi nyeupe. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare yake, akarudi wodini kumaliza zamu.

Kliniki iliomba siku za nyongeza, mimi nikaandika barua ya kukiri kosa, hata Ramzi akatia sahihi. Alhamisi ikafika, leseni ikaisha, na wiki iliyofuata Nekesa akapanda ndege. Barua ya chuo iliingia siku ya pili baada ya yeye kuondoka. Ilipita vizuri kabisa.

Ramzi alipojaribu kuniambia kwamba kila mtu anajua maana ya kuzuia, nilimpa kikombe changu cha chai akishike, nikamwambia hadithi nzima kabla sijakipokea. Hakubisha tena kuhusu mistari miwili. Toleo lililofuata likatoka na jina jipya, Orodha ya Kukataa, na sentensi ya Leela imerudishwa, baada ya Bi Mwanakombo kuisoma kila sentensi. Tangu hapo hakuna ukurasa wa Kiswahili uliotoka mikononi mwangu kabla haujapita kwake. Penseli nyekundu nimemwachia yeye, msinitafutie ubaya kwa hilo.

Nekesa aliniandikia mara moja tu. Alisema alimpa kaka yake ile karatasi palepale walipokutana. Kaka akaisoma, akaikunja, akamuuliza kama amekula. Nekesa sasa anafanya kazi katika hospitali moja ya huko nyumbani, na ombi la leseni ya huku hajalirudia.

Nimeandika haya yote kwa sababu mmoja wenu, simtaji, alinitumia ujumbe nikiwa bado nafunga masanduku. Anataka kupunguza ile sentensi iliyorudishwa, anasema inasema jambo moja mara tatu na skrini za simu ni ndogo. Kijana wangu, haisemi jambo moja. Haitafika: hilo ni la kliniki. Haitarudi kwa aliyeituma: hilo ni la chuo. Hakuna atakayeambiwa: hilo ni la yule kaka aliyesimama nyuma ya msajili, akaiona ikitumwa, akapiga simu huku Doha kusema kweli, na hakuaminiwa.